Jicho Lenye Wenyeji Wawili

Jumatano, 29 Mei

Leo wamelitundika. Wao wanaliita moduli. Sisi tunaochambua chupa tumeshalipa jina: Jicho. Ni kisanduku cheusi kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, kimefungwa juu ya mkanda palepale nilipokuwa nikiinamisha kichwa. Miaka ishirini na sita nimeinama pale, chupa zinapita, natoa mbovu. Shingo imepinda kwa kazi hiyo. Sasa kipande cha sabuni kinatosha. Haya.

Na fundi aliyelitundika ni nani? Mjukuu wangu. Mke mwenzangu wa utani, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemkogesha, nikamchapa, nikamuuguza, nikamsomesha. Kapanda ngazi na bisibisi mdomoni kuja kunitoa kwenye kiti changu. Na mimi niko chini nimeshika ngazi asije akaanguka. Ningefanyaje?

Meneja alitukusanya wote sita. Hafukuzwi mtu, amesema, mnahamia meza ya kufunga maboksi. Wiki ijayo Jicho linajaribiwa. Ijumaa tarehe 7 wateja wanakuja kulitazama, wale wanaotia dawa ya kikohozi ya watoto ndani ya chupa zetu. Siku hiyo fundi atatia saini karatasi kwamba mashine iko sawa. Bila saini yake, boksi hata moja halitoki. Na bila karatasi hiyo yeye mwenyewe haajiriwi, maana naye yuko kwenye majaribio kama hilo Jicho lake.

Mkasi — mwenzetu wa mezani, tulimwita hivyo kwa ajili ya ulimi — alisema kwa sauti ili nisikie: wengine wanafuga nyoka, wengine wanamsomesha kabisa. Nikamwambia nyoka wangu ana cheti, wa kwako ana nini? Wakacheka. Mimi nilicheka meno tu.

Alhamisi, 30 Mei

Baada ya kazi mke mwenzangu alimwaga nyaya juu ya meza ya kulia, za buluu, za kijivu, utafikiri mtu anataka kufuma sweta la shetani. Nikamuuliza yote haya ya nini. Akaanza kunieleza polepole, neno moja, anangoja, neno moja. Nikamwambia nitakuzaba kofi, sikwenda shule lakini si kiziwi. Akacheka, akaeleza kama watu.

Jicho halina mkono. Linaona tu. Lazima limwambie mwingine lilichokiona. Hao wanaoambiwa wanaitwa wenyeji.

Nikasema, wenyeji kwa sababu gani?

Kwa sababu Jicho ni kama mgeni, linafikia kwao.

Mgeni gani huyo anayeamrisha wenyeji? Kanijibu ndiyo mambo ya siku hizi, Bibi.

Wako wawili. Mwenyeji wa kwanza ni sanduku la kijivu chini ya mkanda. Hilo ndilo lenye kipulizo: likiambiwa "mbovu", linapuliza upepo, chupa inadondoka pipani. Mwenyeji wa pili ni kompyuta ya meneja, kule ofisini kwenye kioo. Yeye hapulizi kitu. Meneja anataka tu kuona picha za chupa akiwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Nilimwambia njia mbili zilimshinda fisi. Kasema fisi hakuwa na waya wa buluu.

Ana mikono ya mama yake. Anapovua ganda la waya anatoa ulimi nje kidogo, pembeni. Sikumwambia. Angeacha.

Jumamosi, 1 Juni

Siku nzuri. Niiandike kabla sijaisahau.

Aliniomba nikamfundishie Jicho. Kweli — alitumia neno hilohilo, kufundisha. Tukaenda kiwandani sisi wawili, mkanda umezimwa, nikamchagulia chupa mbovu hamsini kutoka pipani, za kila ugonjwa. Ufa mwembamba sisi tunauita unywele. Povu la hewa ndani ya kioo ni jipu. Mdomo uliomeguka ni pengo. Yeye anaziweka chini ya Jicho moja moja, anabonyeza, anaandika majina yetu kwenye mashine yake. Unywele. Jipu. Pengo. Nimeyaona kwenye skrini kwa macho yangu, na nimeyasoma mwenyewe. Maneno ya Mkasi na yangu, ya mezani, yameandikwa kwenye mashine kama maneno ya maana.

Kasema, Bibi, unakumbuka ulivyonifundisha na glasi za nyumbani? Nakumbuka. Alikuwa na miaka saba hivi, nilipanga glasi kwenye meza, nampitishia. Mkono utulie, nilimwambia. Usiiguse mpaka uone kosa lake. Asiye na kosa apite.

Kasema, ndivyo nilivyolipanga sanduku la kijivu. Litulie mpaka liambiwe kosa.

Nilijisikia mkubwa kama nyumba. Herufi zenyewe nilizipata kwake, kwenye daftari zake za shule, nikimenya viazi yeye anasoma kwa sauti. Leo tumelipana.

Jumatatu, 3 Juni

Majaribio yameanza. Wenzangu watano wako meza ya maboksi. Mimi meneja kaniweka mwisho wa mkanda, nitazame zinazopita kama Jicho limekosea. Mkasi kasema, ndiyo, mkwe wa mashine apewe kiti cha mbele.

Asubuhi nzima safi. Fuu — unywele umetoka. Fuu — jipu. Linaona kuliko mimi, na mimi si mtu wa kusema hivyo. Nikakaa kama mgonjwa aliyekatazwa kazi. Mguu wa kulia unacheza wenyewe chini ya kiti, hautulii, sijui ni baridi ya sakafu.

Mchana pengo mbili zilipita. Nikazitoa nikaziweka kwenye kopo. Mbili tu katika siku nzima. Sikumwambia mtu. Hata mimi nilikuwa nakosa.

Jumanne, 4 Juni

Kumi na moja.

Lakini si hivyo tu. Mtu akichoka anakosa moja hapa, moja pale. Hizi zinakuja kama ndugu wanaokwenda msibani — kimya, kimya, kimya, halafu tatu mfululizo. Tena kimya saa nzima. Halafu nne. Zote za wazi, pengo la kuingiza kucha. Kipofu angeliona.

Nilimwonyesha mke mwenzangu kopo. Kazigeuza mkononi, uso umebadilika rangi. Halafu kasema labda zilimeguka baadaye, zikigongana kwenye mkanda. Nikasema zikigongana huacha vumbi la kioo, hili pengo ni la tanuruni, limelainika pembe. Kasema ataangalia.

Hizo nilizozitoa ni zile nilizoziona. Na nilikwenda msalani mara mbili. Na chakula. Zilizopita wakati huo ziko ndani ya maboksi.

Mwaka wangu wa pili pale mezani chupa moja ilinipita. Ilirudi na barua. Msimamizi aliyekuwepo alitusomea sote tukiwa tumesimama: kipande cha kioo, mtoto, ulimi. Mtoto alipona. Hakunitaja kwa jina, maana hakujua ni ya nani. Mimi nilijua. Siku hiyo nilikuwa nimelia kwa mambo ya nyumbani, macho yamejaa maji, na badala ya kusimama niliendelea. Tangu siku hiyo sijawahi kulia kazini. Wala kupiga chafya ovyo.

Jumatano, 5 Juni

Alibaki baada ya shifti, na mimi nikabaki. Watu wameondoka, meneja ameondoka, ofisi giza. Akachanganya zile mbovu hamsini na nzima mia nne na hamsini, akaziachia. Zote hamsini zikapulizwa. Akarudia. Hamsini. Akarudia. Hamsini.

Akanigeukia. Kasema kwa upole, na upole ndio uliouma. Bibi, sema kweli. Unataka kiti chako?

Nikamwambia kiti nimekikalia miaka ishirini na sita, makalio yangu yamekichoka kabla yako.

Kasema, Mkasi na wenzake wanakutuma?

Hapo nilivua aproni. Tumerudi nyumbani kila mtu na mfuko wake. Kapasha chakula chake mwenyewe. Katika nyumba hii hajawahi kupasha sahani yake peke yake.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ndefu. Naandika kwa vipande.

Asubuhi nilichukua chaki. Nilisema leo sitazami chupa tu, natazama na saa ya ukutani. Kila pengo inayopita, alama kwenye ubao wa kiti, na pembeni saa yake. Saa tatu na robo — tatu. Kimya. Saa nne kasoro — tano, moja baada ya nyingine. Na kila nikiinua kichwa kutazama saa, macho yanapita kwenye kioo cha ofisi, maana saa iko juu ya mlango wake. Na kila mara meneja yuko pale, ameegemea kitini, uso umemulikwa na skrini.

Chupa zikipita safi, nikiinua kichwa, hayupo. Yuko stoo, au kwenye simu na mgongo kageuza.

Nikaanza kucheza mchezo. Siutazami mkanda, namtazama yeye. Akikaa kwenye skrini nahesabu: moja, mbili — pengo. Akiondoka: safi. Akikaa: pengo. Mungu wangu. Akitazama yeye, Jicho halitazami.

Jana usiku ule mke mwenzangu aliporudia mara tatu, ofisi ilikuwa giza.

Nikamwita. Alikuja kanuna, bisibisi nyuma ya sikio. Nikamwambia mwenyeji wako wa pili ndiye mwizi. Akifungua picha kule, Jicho linamshughulikia yeye, halimjibu huyu wa chini. Kasema haiwezekani, Bibi, Jicho linajibu wote wawili, nimeliunganisha vizuri. Nikasema sawa, nenda kafungue picha.

Hakwenda. Alisimama anautazama ubao wenye alama zangu za chaki.

Nikamuuliza: Jicho lisipojibu, sanduku linafanya nini?

Kasema, linangoja. Kidogo sana, chini ya kupepesa kope.

Na kope ikishapepesa?

Linaacha. Kipulizo hakipulizi.

Yaani chupa inapita.

Inapita. Halafu kasema, kama mtu anayesoma somo: mkono utulie mpaka uone kosa.

Hapo ndipo nilipojua mguu wangu ulikuwa unatafuta nini tangu Jumatatu. Nimeandika mara mbili mstari huu na kuufuta.

Chini ya meza yetu ya kuchambua kuna kikanyagio. Ukikanyaga, mkanda unakwenda. Ukiinua mguu, unasimama. Kila mmoja wetu, Mkasi, mimi, wote — vumbi likiingia jichoni, mtu akikuita, ukitaka kukohoa, mguu unainuka. Huwazi. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Usipoona, chupa haiendi. Ndiyo maana mkono unaweza kutulia, kwa kuwa mguu uko macho. Siku ile ya chupa iliyorudi na barua, mkono wangu haukukosea. Mguu ndio uliokanyaga wakati macho hayaoni.

Nikamwambia. Nilikufundisha mkono kwenye meza ya nyumbani. Meza ya nyumbani haina mkanda. Mguu sikukwambia. Nilikuwa nao, sikujua kama ninao.

Chupa isiyoonekana si nzima, nikasema, wala si mbovu. Ni bado. Wewe umelifundisha ndiyo na hapana. Bado umeiweka kwenye ndiyo.

Alikaa sakafuni palepale. Kwenye mafuta, na suruali yake nzuri. Nilitaka kumwinua, nikaona nimwache.

Mchana meneja alipotoka kula tulijaribu. Mimi kompyutani — mimi — kanionyesha pa kubonyeza, picha ikafunguka, chupa kubwa kama mtu. Yeye chini anapitisha zile hamsini. Pipani zilifika thelathini na moja. Kumi na tisa zimepita, zinatabasamu.

Kuna dawa mbili, kasema. Ya kwanza, mwenyeji wa pili awekewe mtu wa kati: Jicho lizungumze na sanduku la chini peke yake, na ofisi iombe picha kwa huyo wa kati, isiligonge Jicho moja kwa moja. Kifaa hicho hatuna, hadi wiki ijayo. Ya pili ni ndogo, ni ya leo leo: sanduku lisipojibiwa, lisimamishe mkanda. Mguu. Alitumia neno hilo, akalipanga mbele yangu, na lilipokamilika mkanda ukawa unasimama kila picha ikifunguliwa. Nilimbusu kichwani, nywele zinanuka moshi wa tanuru.

Tukaenda kwa meneja pamoja.

Meneja si mtu mbaya. Niandike hivyo, maana nikikasirika nasahau. Mke wake alipojifungua alituletea mtoto mezani tumbebe. Lakini alitusikiliza kama mtu anayeambiwa gari lake lina mlio. Kasema, kesho wateja wamesimama hapa, mimi nafungua picha niwaonyeshe, na mkanda unasimama? Mara ngapi? Fundi kasema, kila mara. Kasema rudisha ilivyokuwa, nami kesho sitafungua picha zaidi ya dakika moja. Jumatatu utaweka hicho kifaa chako cha kati. Tatizo limekwisha.

Fundi akauliza, na maboksi?

Maboksi yapi?

Tuliyofunga tangu Jumatatu. Mia moja na nne.

Meneja kanitazama mimi, si yeye. Kasema, mama ulikuwa mwisho wa mkanda, si ulizitoa?

Nikamwambia nilitoa nilizoziona. Nina kibofu cha bibi kizee, na nilikula mchana kama Mkristo na Mwislamu na mpagani wote wanavyokula. Maboksi yafunguliwe. Tuko sita, siku mbili tunamaliza.

Kasema lori la maboksi hayo linakuja kesho saa saba na wateja wameshaambiwa. Halafu kamgeukia mjukuu wangu, sauti ya chini, ya baba: dada, karatasi hii ndiyo kazi yako. Usimwachie mtu mwingine aishike. Na hapo "mtu mwingine" kanielekeza mimi kwa kidevu.

Nyumbani kasema, nisipotia saini wataleta fundi mwingine, atatia, na maboksi yatakwenda vilevile. Nikitia, angalau Jumatatu niko ndani, narekebisha.

Nilikuwa na la kumjibu. Nililimeza. Akiamua kwa mdomo wangu, kesho kutwa atanichukia mimi, na kuanzia hapo atajichukia yeye. Nikampashia chakula. Hakula.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika stoo, daftari juu ya goti. Saa saba na dakika kumi.

Wateja walikuja, watu watatu, kofia nyeupe za karatasi. Meneja aliwafungulia picha. Dakika moja alisema, nilihesabu ni tisa. Mkanda haukusimama — usiku ulipita, kulipopambazuka mtu alirudisha mambo yalivyokuwa, na mwenye ufunguo wa kurudisha ni mmoja tu, fundi. Sikumtazama usoni. Nilikuwa mwisho wa mkanda nikiokota pengo kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele, hadi kopo likajaa, hadi mfuko wa aproni ukajaa. Wateja wakapiga makofi.

Halafu wakaingia chumba cha mikutano kunywa chai, na meneja akamwita fundi ofisini kwenye karatasi.

Na mimi nikaja huku stoo. Maboksi mia moja na nne yamepangwa kwenye mbao, lori limerudi nyuma hadi mlangoni. Sikupanga kitu. Nilichoka tu, nikapanda juu ya fungu la kwanza, nikakaa. Nikavua viatu. Dereva kasema, mama shuka tupakie. Nikamwambia miguu imevimba. Kasema ana safari ndefu. Nikamwambia na mimi nina makalio mazito, kila mtu na mzigo wake. Kasema utaniharibia kazi. Hilo limeniuma kidogo, maana ni mtu wa watu.

Kaniuliza naandika nini. Nimemwambia hesabu ya dhambi zake. Kacheka, kaenda kukaa kwenye ngazi ya lori. Injini bado inanguruma.

Kutoka hapa naiona ofisi, kioo kile kile, upande wa pili. Sauti haifiki. Karatasi iko mezani. Meneja anazungumza, mikono inapanda, inashuka. Mke mwenzangu amesimama. Kalamu anayo, lakini siwezi kuona kama kifuniko kimetoka.

Mkasi kaja. Wiki nzima hajanisalimu, na leo hakunisalimu pia. Kasimama, kanitazama juu ya maboksi kama kuku aliyepanda kitandani. Kasema, wewe bibi, umerukwa na akili? Nikampa kopo. Katia mkono, katoa moja, kapitisha ukucha mdomoni mwa chupa. Katoa nyingine. Kasema, hizi zimepita chini ya mashine ya mjukuu wako?

Nikasema ndiyo. Zimepita kwa sababu ya mjukuu wangu, na kwa sababu yangu. Na nyingine ziko humu nilikokaa.

Nilingoja anichane. Nilijiandaa. Alipanda. Magoti yake yalilia kama mlango. Kakaa upande wa pili wa fungu, kachomoa wembe wake wa kukatia kamba, kapasua boksi lililo ubavuni mwake. Chupa ya kwanza kainyanyulia mwangani. Nzima. Ya pili nzima. Kaendelea bila neno. Ya tisa hivi kanipitishia mkononi. Unywele, shingoni, mrefu kama kidole.

Dereva kaiona. Kaizima injini.

Sasa huko ofisini meneja amemvutia kiti. Amekaa. Ameinama juu ya karatasi, naona mgongo tu, na mabega yake. Mtoto akiandika na mtoto akilia mgongo ni uleule.

Nikiinuka, maboksi yanakwenda. Nikikaa, yuko peke yake mle ndani.

Nimesema hivyo kwa sauti, kumbe. Mkasi hajaacha kutazama chupa yake mwangani. Kasema nenda kwa mtoto, mimi mzito kuliko wewe.

Kiatu kimoja kiko hapa. Cha pili kimedondoka nyuma ya maboksi, dereva amelala kifudifudi anakitafuta. Nimemwambia akiache, nakwenda peku.